Taa kwenye Mlango wa Tatu

Jumapili, 27 Oktoba

Leo saa zimerudishwa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi, na jioni haijaanza vizuri Konin ikawa giza tii. Yuliana alipiga simu akauliza, "Mama, wiki hii umefanya nini?" Nikahesabu moyoni. Nimepanga mapaja ya kuku kwenye trei, nimelala, nimefua. Nikaona bora niwe naandika, huenda siku zangu zina mambo ambayo siyaoni.

Basi nianze na tuliopo. Tunaishi watatu, ghorofa ya kwanza, mlango wa tatu wa jengo: mimi Edilma, Nelcy, ambaye amenizidi umri na anasali kwa sauti hata akiwa anakaanga, na Wilmer, dereva wa foklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo, pale pale kiwanda cha kuku tunakofanya kazi, ambaye hutuchekesha hata tusipomwomba. Sote ni Wakolombia, tumekuja huku Polandi kwa kazi. Mwanzo tulikaa hosteli ya kiwanda huko nje ya mji, kitanda juu ya kitanda. Nyumba hii ni ya Iwona, mwenyewe anakaa Poznań. Mkataba unaisha mwisho wa Januari. Nikipata mpya, Yuliana anapewa kibali cha kuja kuishi nami. Nisipoupata hana anwani, na asiye na anwani, ofisi ya wageni haimtazami usoni. Ana miaka kumi na tano. Nilimwacha akiwa na kumi na miwili.

Iwona hana tatizo. Kasema tu, "Nitamuuliza shangazi yangu. Akisema mnakaa vizuri na watu, mtakaa." Shangazi yake ni Bi Leokadia, jirani yetu wa chini, ambaye sijawahi kumsikia akisema mtu yeyote anakaa vizuri.

Ijumaa, 1 Novemba

Mji mzima uko makaburini, ni siku yao ya kuwakumbuka wafu. Tangu asubuhi watu wanapita na maua na taa za kioo za kuwasha juu ya makaburi, mabasi yamejaa mpaka mlangoni. Bi Leokadia katoka na mifuko miwili, mumewe Mzee Zenon nyuma yake anakohoa.

"Vaa kofia."

"Nimevaa."

"Hiyo si kofia, hilo ni tambara."

Wamezeeka pamoja na bado wanagombania kofia. Sauti zao hupanda kwetu kwa njia ya bomba la joto, kwa hiyo najua pia wanagombania chumvi, redio na sigara. Sisi hatuna kaburi huku. Tumekaa ndani tukapika maharage.

Jumanne, 5 Novemba

Bi Leokadia kagonga. Nimetupa kopo la mtindi kwenye pipa la karatasi, na huku kila taka ina pipa lake. Kalileta mwenyewe, kaliosha.

Alhamisi, 14 Novemba

Gari la wagonjwa limemchukua Mzee Zenon. Mapafu. Alichimba makaa ya mawe ujana wake wote, na makaa hayakumwacha. Bi Leokadia alipanda naye garini akiwa na slipa miguuni. Nilitaka kumkimbizia viatu, nikaogopa atanifokea. Gari likaondoka.

Jumamosi, 23 Novemba

Nelcy karudi dukani anang'aa. Zile taa za makaburini zilizobaki baada ya sikukuu zinauzwa bei ya kutupa. Kanunua mfuko mzima, nyekundu na nyeupe.

"Tazama, mwenzangu. Kioo, na kifuniko juu. Upepo utahangaika wee."

Ni kwa ajili ya tarehe saba Desemba, Siku ya Mishumaa. Kwetu jioni hiyo kila nyumba inawasha mishumaa barazani, madirishani, kando ya barabara, kumwashia Bikira njia. Kule hosteli tuliwasha nyuma, karibu na mapipa ya takataka, na upepo ukazima yote kabla hatujamaliza Salamu Maria. Mwaka huu tuna mlango wetu, na Nelcy anataka Bikira auone.

Nilijua taa zile huku huwashiwa wafu. Nikasema mshumaa ni mshumaa.

Jumanne, 3 Desemba

Theluji na mvua kwa pamoja. Wilmer kaanguka mara mbili akienda dukani, ya pili akiwa na mayai.

Jumamosi, 7 Desemba

Naandika ili nisiendelee kuzunguka humu chumbani.

Tulianza giza lilipoingia. Wilmer alipanga taa kwenye ngazi za nje, pande zote mbili, kuanzia njiani mpaka mlangoni. Zikabaki kadhaa. Mimi ndiye niliyesema tuziweke kwenye kingo ya dirisha la chini, kwa sababu ndilo linalofikika. Dirisha la jikoni la Bi Leokadia. Ndani kulikuwa giza, yeye yuko hospitali kama kila siku. Nikawaza atafurahi akikuta mwanga. Nilimaanisha hivyo kabisa.

Tukapanda juu kuchukua maandazi ya jibini. Kwetu siku hiyo huli peke yako, unagawia majirani, na hii ndiyo ilikuwa nia: tukae vizuri na watu. Nelcy alikuwa bado anakaanga. Tukachelewa.

Niliposhuka na sahani nilikuta watu nje. Bi Grażyna wa ghorofa ya nne amesimama mkono kifuani, na mumewe amevua kofia. Wengine wawili wa mlango wa pili. Taa zilionekana nyingi kuliko zetu. Bi Grażyna alikuwa ameongeza ya kwake. Nikafurahi, nikafikiri wameelewa. Nikamwonyesha sahani. Akanitazama utadhani nimekuja na ngoma.

Hapo Bi Leokadia akatokea njiani, anatoka kituo cha basi, mfuko wa nguo za mumewe mkononi. Alitembea mpaka kwenye taa ya kwanza akasimama. Akazifuata kwa macho, moja moja, hadi kwenye dirisha lake. Mfuko ukamtoka.

Akanitazama mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa karibu.

"Saa ngapi?" akauliza.

Nikafikiri anauliza tumewasha saa ngapi. "Saa kumi na nusu."

"Nilikuwa kituoni," akasema. "Nimesimama tu pale, nasubiri basi."

Akaketi kwenye ngazi, katikati ya taa, juu ya barafu. Akalia. Sijawahi kumsikia mtu wa huku akilia vile, kwa mdomo wazi. Alimwita Zenon, akamwambia samahani kwa ajili ya sigara, kwa ajili ya kofia, kwa ajili ya mwaka fulani nisioujua. Basi na mimi nikajua Mzee Zenon amekufa. Nikaweka sahani chini, nikaketi nikamshika bega. Nelcy kafika, kaona, hakuuliza. Akapiga magoti akaanza rozari. Wilmer alikuwa analia pale mlangoni. Sote tulimlilia Mzee Zenon kwa dhati.

Bi Grażyna ndiye aliyeuliza, taratibu, "Leokadia, hospitali walikupigia lini?"

"Simu yangu imezima chaji. Nimeona taa."

"Mimi pia nimeona taa." Akanigeukia. "Nani aliweka?"

"Sisi," nikasema.

"Mliambiwa na nani?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu Zenon."

"Hatukuambiwa na mtu. Ni sikukuu yetu. Kwani yeye hakuambiwa na hospitali?"

Wakatazamana. Mume wa Bi Grażyna akavaa kofia yake. Bi Grażyna akapiga simu wodini, na sote tukasikia sauti ya nesi, maana pale kimya kilikuwa kikubwa: Mzee Zenon yupo, anakula supu, na analalamika haina chumvi.

Nilitarajia Bi Leokadia atacheka, au atanipiga. Ningependelea anipige. Alisimama akishika ukuta, akakung'uta koti. Akasema neno moja, bila kupandisha sauti.

"Zimeni."

Tukazima. Taa zile zina vifuniko, zinachukua muda, inabidi ufungue moja moja na kupuliza, na yeye alisimama pale akitusubiri mpaka ya mwisho.

Jumapili, 8 Desemba

Iwona kapiga mapema. "Edilma, shangazi yangu sijawahi kumsikia hivi. Sikulaumu, nimeelewa. Lakini mwisho wa Januari tafuteni pengine."

Nikamwambia kuhusu Yuliana. Akasema, "Najua. Lakini shangazi ndiye aliyebaki mahali pa mama yangu."

Nelcy kashuka na maandazi, kagonga, kasubiri. Mlango haukufunguliwa. Kayaacha kwenye zulia la mlangoni. Jioni yalikuwa pale pale.

Jumatano, 11 Desemba

Nimetazama nyumba nyingine tatu mtandaoni. Nikipiga simu wakasikia lafudhi yangu, wanasema imeshapangishwa.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimekwenda hospitali. Wilmer alisema ni wazimu, nikamwambia anipe wazo lingine.

Mzee Zenon amekuwa mdogo kitandani. Mpira wa hewa puani.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema.

"Mimi sikuwepo, bibie. Nieleze vizuri. Zilikuwa nyingi?"

"Nyingi."

"Na dirishani?"

"Na dirishani."

"Grażyna alileta ya kwake?"

"Alileta."

"Hm. Miaka yote hii hajawahi kunipa hata kiberiti." Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, nesi akaja akanikazia macho. Alipopata pumzi akasema, "Unajua jina langu liko kwenye jiwe la kaburi tayari? La kwangu na la kwake, tumechonga kabisa, imebaki tarehe. Kila Novemba nakwenda kusugua jina langu mwenyewe. Halafu ninyi mnasema mmemshtua."

Nikamwambia kuhusu mkataba na kuhusu Yuliana. Sikuwa nimepanga, yalinitoka. Alisikiliza amefumba macho.

"Siwezi kumwamuru," akasema. "Sijawahi kuweza. Lakini kuna kitu. Tangu siku ile akija hapa ananishika mkono. Anakaa tu, ananishika. Hajanigombeza hata mara moja. Jana nilimuuliza, Leokadia, daktari amekwambia nini ambacho mimi sijaambiwa?"

Madaktari wamesema hawana la zaidi. Anaweza kurudi nyumbani, ila mkewe hawezi kumpandisha zile ngazi za nje.

Alhamisi, 19 Desemba

Wilmer na mimi tumempandisha Mzee Zenon ngazi za nje, ameketi kwenye kiti cha jikoni, Wilmer nyuma, mimi miguuni. Alikuwa mwepesi, inasikitisha. Njia nzima alitoa maelekezo kama tunashusha piano. Bi Leokadia alishika mlango. "Asante," akamwambia Wilmer. Mimi alinipita kwa macho kama koti lililotundikwa.

Ijumaa, 20 Desemba

Siku tisa kabla ya Krismasi kwetu tunasali na kuimba kila jioni, na kuimba kwenyewe ni kwa manyanga, vifuniko vya sufuria na chochote chenye kelele. Mwaka huu tumeimba kwa kunong'ona, tumekaa karibu kama wezi. Leo katikati ya wimbo bomba la joto likagongwa kutoka chini. Ko, ko, ko. Tukanyamaza. Likagongwa tena, kwa nguvu zaidi. Nelcy akazima hata taa ya mezani.

Halafu hatua ngazini, na mlango ukagongwa. Bi Leokadia, na kijiko cha mbao mkononi.

"Anauliza kwa nini mmeacha."

Nelcy akawasha tena taa ya mezani.

"Anasema kama ni kuimba, muimbe. Hivyo mnavyofanya anashindwa kusikia, na hawezi kulala pia." Akatutazama mmoja mmoja. "Mimi sijasema kitu. Ni yeye."

Akashuka. Wilmer akachukua vifuniko vya sufuria, na bomba likatupigia mapigo mpaka mwisho. Hayakwenda na wimbo hata kidogo.

Jumanne, 24 Desemba

Tumefanya kazi hadi mchana. Chini wamekula mapema, samaki, nimesikia harufu. Yuliana kanionyesha gauni jipya kwenye simu. Amekuwa na mabega ya mwanamke, na mimi sikuyaona yakikua.

Jumapili, 5 Januari

Kuna kitu kinanitatiza huko chini. Hawagombani. Nasikiliza, sioni aibu kuandika, nasikiliza kusudi. Redio inaimba kwa sauti kubwa na hakuna anayesema ipunguze. Juzi walicheza karata, mmoja akamwambia mwenzake anaiba, na wote wawili wakacheka. Leo nimempita Bi Leokadia akitoka dukani, na juu ya mkate kuna pakiti ya sigara. Alipoona nimeiona, akasema, "Moja kwa siku. Dirishani. Nani atamzuia?"

Nilidhani ni mwanamke wa kuhesabu makosa ya watu. Sasa sijui ni mwanamke gani.

Alhamisi, 9 Januari

Wilmer kapata nafasi hosteli, kwa wote watatu. Nafasi za vitanda, si anwani. Sijamwambia Yuliana.

Jumanne, 21 Januari

Narudi zamu ya usiku, kunapambazuka, baridi ya kung'ata meno. Dirisha lao la chumbani limefunguliwa wazi, pazia linapepea nje. Hakuna anayefungua dirisha katika baridi hiyo ila kwa sababu moja, kwetu hufanya hivyo pia, roho ipite.

Bi Leokadia alikuwa amesimama kwenye mlango wake wa ndani, na sweta juu ya nguo za kulalia.

"Alfajiri," akasema, kabla sijauliza. "Nilikuwepo."

Nilimwambia pole. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kufunga dirisha. Nelcy alitaka kuwasha mshumaa, nikamwambia awashe kabatini ikibidi, lakini nje mtu asione.

Ijumaa, 24 Januari

Mazishi. Tulisimama nyuma kabisa. Bi Leokadia hakutoa chozi, kanisani wala kaburini. Alisimama wima, akatazama jeneza likishuka, akatupa udongo, akaondoka. Nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Jiwe huyo. Hata kumlilia mumewe hataki." Nilitaka kumjibu, lakini Kipolandi changu kikikasirika hakieleweki.

Iwona alinisalimia vizuri, akatazama pembeni. Imebaki wiki moja.

Jumapili, 26 Januari

Tulikuwa tunafunga vyombo kwenye magazeti. Bi Leokadia kagonga baada ya misa, na koti lake jeusi. Hakuwahi kukanyaga ndani kwetu. Aliketi kwenye kiti bila kukaribishwa, akaangalia maboksi.

Nelcy akampa kahawa, akaishika bila kunywa.

"Watu wanasema sikulia," akasema.

"Wanaosema hawajui," nikajibu.

"Wewe unajua. Ulikuwepo nilipolia." Akasogeza kikombe. "Ule muda wote Grażyna anatafuta namba ya hospitali, mimi nilikuwa mjane. Nilikuwa nimeshamkosa. Na nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: asubuhi ile niliondoka nyumbani kwa hasira, sikumpelekea redio aliyoiomba, ili nimkomoe. Halafu yule nesi akasema anakula supu."

Wilmer alikuwa ameshika sahani nusu kwenye gazeti, hathubutu hata kuifunga.

"Niliwachukia sana," akaendelea. "Bado sijajua kama nimewasamehe, msiniharakishe. Lakini niliporudi hospitali kesho yake nilimpelekea redio. Wiki hizi zote nimeishi na mtu niliyekwisha kumzika. Sikumnyima kitu. Ilipofika siku yenyewe sikuwa na neno lililobaki la kumwambia, wala chozi."

Nikasema samahani.

"Zenon aliniambia una binti."

"Ninaye."

"Hujamwona muda gani?"

"Mwezi wa tatu itatimia miaka mitatu."

Aliniangalia, na safari hii hakunipita.

"Mimi nilimkosa Zenon kwa muda wa simu moja," akasema. "Nikafikiri nitakufa pale kwenye ngazi. Miaka mitatu mtu anaivumilia vipi?"

Nilitaka kumjibu kwamba unapanga mapaja ya kuku. Nikalia mbele yake kama mtoto, na yeye hakunishika wala hakunibembeleza, alikaa tu hadi nikamaliza.

"Fungueni hayo maboksi," akasema akisimama. "Nimezungumza na Iwona jana usiku. Analeta mkataba Jumatano, wa miaka miwili. Nimemwambia aandike na jina la mtoto humo humo, ofisi isije ikasumbua."

Mlangoni akageuka. "Na dirisha langu mliache."

"Tutaliacha, Bi Leokadia."

Akashuka. Kule kwetu ilikuwa bado alfajiri, na Jumapili Yuliana hulala hadi jua kali. Nilimpigia simu, nikamwamsha.